Sindano za Mbwa na Ufagio wa Baba Mkwe

Nilipokuwa kijana mikono yangu ilikuwa ya buluu. Nasema buluu kweli, buluu ya kuonekana. Nilikuwa mpiga dawa kwenye shamba la kahawa chini ya Meru, upande wenye maji, na dawa ya kahawa wakati ule ilikuwa mrututu. Unaukoroga kwenye pipa mpaka maji yanakuwa rangi ya anga, unajaza bomba la mgongoni, unaingia kwenye mistari ya mibuni. Mabomba yote yalivuja, sijawahi kuona lisilovuja. Jioni vijana tulirudi kambini mgongo buluu, mikono buluu, na mmoja wetu aliyekuwa na tabia ya kujikuna kichwa alikaa na nywele za buluu mpaka Krismasi. Msimamizi alitwambia tunawe vizuri kabla ya kula. Yeye mwenyewe alikoroga pipa kwa mkono mpaka kwenye kiwiko, halafu akatoa andazi mfukoni.

Hayo ya mrututu sikupanga kuyasema, yamekuja yenyewe. Nilikuwa nataka kueleza nilivyompata mama watoto. Nilimkuta gulioni, nikanyoosha mkono nimsalimie, akauficha wake nyuma ya mgongo.

"Kanawe kwanza."

"Nimenawa."

"Basi kanawe tena."

Nikanawa. Nikaendelea kunawa maisha yetu yote, maana nilikuwa nimeoa mwanamke wa usafi wa kupita kiasi. Kuku wakinya mlangoni yeye haoni usingizi. Mbwa ndio kabisa hakuwataka, alisema mbwa ni viroboto vyenye miguu. Sasa mwanamke huyohuyo siku moja akaenda Nduruma kumwona dada yake, akarudi na kitu kinacheza ndani ya kikapu, chini ya nyanya. Ni mtoto wa mbwa, amemwokota kwenye mfereji wa kumwagilia, macho hayajafunguka sawasawa. Akamlea kwa maziwa ya mbuzi. Jina hakumpa, alimwita tu kwa kubonyeza ulimi kaakaani ukalia, na mbwa akaja. Mama watoto alipofariki, mbwa alikuwa ameshafika magotini, na mimi nikajifunza kubonyeza ulimi.

Basi hapo ndipo tumefika kwa mbwa, na nilitaka kusema habari za mbwa tangu mwanzo.

Tunakaa Oldonyo Sambu, kaskazini ya mlima, ambako upepo unabeba vumbi na mara nyingine unabeba na bati la mtu. Nyumbani tulikuwa watatu. Mimi, mwanangu ambaye ni dereva wa malori na haonekani mara kwa mara, na mke wake. Huyu mkamwana wangu ni Mchaga wa Marangu, ana kibanda cha viatu vya mitumba mjini, mchangamfu, anaongea na kila mtu, na mimi ananiita baba.

Sasa lazima nieleze jambo, la sivyo mtaniona mjinga. Mimi ni Mwarusha. Kwetu kuna heshima tunaita enkanyit, na kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe heshima hiyo ni ukuta. Sikai naye chumbani tukiwa wawili. Chakula analeta, anaweka, anatoka. Mambo ya mwili wake siyajui, siyaulizi, na hata yakipita mbele yangu naangalia mlima. Mimba yake ndiyo usiseme. Haitajwi, haionekani, hata ikiwa mbele yako kama gunia.

Lakini mzee ana macho. Mwaka juzi palitokea jambo. Mkamwana alilala ndani, wamama wa kanisani wakaja na chupa za uji, wakaingia kimya, wakatoka kimya. Mwanangu akarudi kabla safari yake haijaisha, akakaa kizingitini akiangalia viatu vyake. Hakuna aliyeniambia na sikuuliza. Nilielewa kwamba mjukuu alikuwa njiani na amerudi alikotoka. Siku zile nilikwenda kukaa na mbuzi, maana mbuzi hawahitaji kufarijiwa.

Basi. Mwaka jana mbwa akaanza kudondosha damu. Akilala anajilamba, akiinuka anaacha doa. Mwenzangu wa rika, ambaye ana kirikuu, kigari kidogo cha kubebea vitunguu, akainama akamwangalia sehemu zake za siri, akainuka akicheka.

"Huyu ametembea," akasema. "Amekula ujana wake vizuri."

"Nimuue?"

"Umuue mbwa wa marehemu? Twende naye mjini."

Tukamfunga kamba, tukampakia nyuma ya kirikuu juu ya magunia matupu, tukashuka Arusha. Daktari wa mifugo ni binti mdogo tu, koti jeupe, viatu vya mvua.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba."

Akavaa glovu, akamlaza mbwa, akaangalia. Akasema ni uvimbe wa kansa. Mimi nikakaa chini. Akasema usiogope mzee, hii ni kansa ya aina yake, mbwa wanaambukizana wenyewe kwa wenyewe wakipandana, mtu haipati, na inatibika vizuri kuliko nyingi. Atachomwa dawa ya kwenye mshipa kila wiki mpaka uvimbe uishe. Dawa yenyewe ni mojawapo ya zile wanazopewa watu wenye kansa hospitalini.

"Atanyonyoka manyoya?" nikauliza, maana nilishaona watu waliopewa dawa hizo.

"Mbwa wengi hawanyonyoki kama watu. Labda sharubu. Atachoka, anaweza kukataa chakula siku mbili, atapike kidogo, aharishe. Na damu yake itapungua askari wa kupigana na magonjwa. Ukimwona amelegea kabisa au ana homa, usingoje siku ya sindano, mlete. Na dawa za miti shamba usimpe wakati huu."

Hapo mwenzangu akakohoa, kwa sababu alikuwa ameshachemsha magome tunayochemshia supu, akaja nayo kwenye dumu.

"Sasa sikiliza na hili, mzee," akasema daktari. "Dawa haikai mwilini, inatoka. Siku mbili tatu baada ya kila sindano, mkojo wake una dawa, mavi yana dawa, matapishi yana dawa. Okota kwa glovu, fukia mbali na bustani na mbali na maji. Alipokojoa mwaga maji mengi. Alalie kitambaa chake, kifuliwe peke yake. Asimlambe mtu. Watoto wasiguse. Na mama mjamzito ndio asisogee kabisa, kwa sababu dawa hii inakamata kitu kinachokua haraka, na hakuna kinachokua haraka kama mtoto tumboni. Nyumbani yupo mjamzito?"

Nikamkuna mbwa kichwani.

"Mzee?"

"Sijui."

"Hujui? Mnakaa wangapi?"

"Mimi, na mke wa mwanangu."

"Basi muulize."

Mwenzangu wa rika alicheka mpaka akashika ukuta. "Daktari," akasema, "huyu akimuuliza mkwe wake neno hilo, Oldonyo Sambu haitapata mvua mpaka wajukuu wake wazeeke."

Daktari akatuangalia wote wawili kama watu wanaohitaji sindano. Akamchoma mbwa, akanipa boksi la glovu, tukaondoka.

Njiani nilikuwa nyuma na mbwa, nawaza. Ni mkamwana anayefagia uwanja kila asubuhi. Ni yeye anayempa mbwa makombo, anayemwaga maji, anayeokota uchafu wote. Mbwa analala mlangoni kwake. Na juzijuzi nilikuwa nimemwona akikataa chai yenye maziwa, akaenda kusimama nyuma ya nyumba peke yake muda mrefu. Nikaangalia mlima, kama ilivyo desturi. Lakini niliona.

Nikampigia simu mwanangu, alikuwa Tunduma kwenye foleni ya mpakani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mkeo mzima?"

"Mzima."

"Mzima kabisa?"

"Mzima baba."

"Mzima peke yake?"

Nasikia malori yananguruma.

"Baba," akasema, "mtandao unasumbua."

Ukakatika. Mtandao haukusumbua chochote, nilimsikia kama yuko jikoni. Ni mtoto niliyemlea mwenyewe na heshima hizo nilimfundisha mimi, sasa nimlaumu nani?

Nikaamua. Kama siwezi kusema, nitafanya. Nikachukua mbao na senyenge, nikamjengea mbwa banda nyuma ya zizi la mbuzi, mbali na nyumba. Na asubuhi, kabla mkamwana hajaamka, nikavaa glovu, nikachukua ufagio, nikafagia uwanja wote. Nilimwaga maji kila mahali mbwa alipowahi kuinua mguu tangu tumeshuka kwenye gari, na huyo mbwa alikuwa ameinua mguu mahali pengi. Mbwa mwenyewe alikuwa amejikunja kwenye gunia, hataki hata mfupa, ananiangalia kwa jicho moja. Alitapika mara moja, nikafukia. Nikasema moyoni, hii kazi nimeiweza.

Sikufikiria itaonekanaje.

Mkamwana akatoka, akanikuta nimeinama na ufagio. Akasimama. "Baba, unatafuta nini?"

"Hakuna kitu. Nafagia."

Akacheka, akidhani ni utani wa wazee. Kesho yake akanikuta tena. Hakucheka. Keshokutwa akaamka mapema ili aniwahi, nikaamka mapema zaidi. Akaweka ufagio ndani kwake, nikanunua mwingine. Akanipita kwenda kibandani kwake bila kumaliza salamu. Na majirani hawana kazi. Wanawake waliokuwa wakienda kuchota maji walisimama wakaangalia mzee mzima, mwenye rungu lake na heshima yake, anafagia na glovu. Nilisikia mmoja anamwambia mwenzake, "Huyu mkwe wake lazima ni mchafu wa kutisha."

Mwenzangu wa rika naye alipita na kirikuu, akasimamisha, akatoa kichwa dirishani.

"Hodi mama mwenye nyumba! Ukimaliza uje na kwangu, masufuria yanakungoja."

"Pita huko."

"Rika letu lote lilikuwa na wanaume. Sasa lina mwanaume mmoja pungufu."

"Ile supu ya magome uliipeleka wapi?"

"Niliinywa mwenyewe. Tumbo linanguruma tangu juzi."

Mwisho wa wiki mkamwana akaja mlangoni kwangu. Alisimama nje, kanga mabegani, mikono mbele, kwa adabu ambayo ilinitisha kuliko kelele.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Baba, kama nimekosa uniambie. Kwetu Marangu mzee akishika ufagio kwenye nyumba yenye mwanamke, anasema mwanamke huyo hafai. Mtaa wote unaniongelea. Nimeshapanga begi. Nitaenda kwa mama nikapumzike."

"Mbwa anaumwa," nikasema.

"Najua anaumwa. Ufagio unahusiana nini na mbwa?"

Neno lilifika kwenye meno. Nilifungua mdomo kabisa. Nikaona akienda na begi lake kupanda magari ya kubadilisha mpaka Marangu, katika hali ambayo sijui kama anayo, kwa sababu ya jambo ambalo nalijua na siwezi kulisema. Nikaona wamama wa kanisani na chupa za uji. Neno likarudi chini.

"Unaenda kupumzika muda gani?"

"Sijui, baba. Mpaka nijione nina nguvu."

"Kesho mbwa anarudi kwa sindano," nikamwambia. "Twende wote mjini. Tukitoka huko, ukitaka kwenda Marangu, begi nitakubebea mwenyewe."

Akasema sawa.

Kesho yake alikaa mbele na mwenzangu wa rika, mimi nyuma na mbwa. Alitaka kumsaidia mbwa kupanda, nikamzuia kwa mkono kama askari wa barabarani. Akafyonza. Kwa baba mkwe wake, alifyonza! Nikaona nimestahili.

Tulipofika, daktari akatusalimia, akamwona mkamwana, akaniangalia.

"Daktari," nikasema, "yale uliyonieleza siku ile, mweleze huyu. Yote."

"Yapi, mzee?"

"Yote. Hasa lile la mwisho."

"La mwisho lipi?"

"Lile la mwisho, binti! Mimi naenda kununua sukari."

Nikatoka. Mwenzangu wa rika akanifuata mpaka nje, akauliza, "Duka la sukari liko wapi hapa?" Hakukuwa na duka la sukari. Kulikuwa na mama anachoma mahindi. Tukanunua mahindi, tukasimama tumeupa mgongo mlango, tunatafuna. Meru siku hiyo ulikuwa wazi mpaka kileleni na mimi niliuangalia vizuri sana, kila korongo.

Halafu nikasikia daktari anasema kitu kwa sauti ya chini, na mkamwana akasema, "Eti nini?" Halafu wakacheka. Walicheka wanawake wawili wale, mmoja anaanza, mwingine anapokea, wananyamaza, wanaanza tena. Mbwa akabweka akidhani anaitwa.

"Wanakucheka wewe," mwenzangu akasema.

"Waache wacheke."

Mkamwana alipotoka alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga. Hakunitazama, mimi sikumtazama. Akapanda mbele. Mbwa akapandishwa nyuma akiwa amelegea, nikapanda nikakaa naye. Tukaondoka, tukapita Ngaramtoni. Kule kwenye mteremko wa upepo, kioo kidogo cha nyuma ya dereva kikasogea.

"Baba!"

"Ee."

"Ufagio ni wako mpaka mbwa amalize sindano."

"Sawa."

"Na pale karibu na tenki huwa hufagii vizuri."

"Nitafagia."

Kioo kikafungwa. Haikutajwa mimba, haikutajwa mtoto, ukuta wetu haukutoka hata jiwe. Lakini mwenzangu wa rika alianza kupiga honi na hakuacha mpaka nyumbani, ng'ombe wa watu wakakimbia kila upande, na mimi nyuma kule nilikuwa nimemshika mbwa shingoni na glovu zangu, nacheka peke yangu kama mlevi. Jioni nikaona nguo za kwenye begi zimeanikwa kwenye kamba.

Tangu hapo nilifagia mchana kweupe. Mkamwana aliwaambia wale wanawake wa maji, sijui aliwaambia nini, lakini wakaanza kunisalimia wakiinamisha kichwa. Mwanangu alipopiga simu mtandao ulikuwa mzuri ajabu.

Sindano ziliendelea. Kila baada ya sindano mbwa alilala siku mbili, anataka maji tu, halafu anaamka na njaa kama hakuna kilichotokea. Sharubu zilimdondoka, akabaki na uso wa mtoto. Wiki moja daktari alimpima damu akasema leo hapana, damu imeshuka, arudi wiki ijayo. Nilikaa wiki hiyo namwekea mkono tumboni kila mara nione kama ana joto, na glovu, ndiyo, nilishazizoea, siku moja nilikwenda nazo kanisani nikazivua kwenye sadaka. Uvimbe ukasinyaa kama kiazi kilichosahauliwa jikoni. Damu ikakoma. Mwisho daktari akamlaza ubavu, akaangalia, akasema huyu amepona, lakini asubiri wiki kadhaa bila kukutana na mbwa wengine, tuhakikishe.

Wiki hizo zikaisha, akawa bado mzima. Mkamwana akasema kwa kuzunguka, akiongea na kuku mimi nikisikiliza, kwamba ingekuwa vizuri mbwa akae hukohuko kwenye banda mpaka mambo yakamilike, maana akitoka atakuja kulala mlangoni na kulamba kila kitu. Nikawaambia kuku kwamba ni sawa. Mbwa akakaa. Nilimlisha, nilimsafishia, lakini hakuwa na mlango wa mtu wa kulalia, wala hakuna aliyembonyezea ulimi jioni, nami nilikuwa nimeshika mambo mengine. Alizoea kukaa ameelekea bondeni, sisi tuko nyuma yake.

Mtoto alizaliwa hospitali ya mjini, wa kike, mzima, sauti kama honi ya kirikuu. Walipomleta nyumbani mkamwana alinikabidhi mbele ya watu wote, na kwa mtoto hakuna ukuta, nikamshika. Nikamtemea mate kidogo kwenye paji la uso, ndiyo baraka yetu. Bibi yake wa Marangu aliruka, lakini akaelezwa.

Zilipopita siku za kukaa ndani, mkamwana mwenyewe akatoka na mtoto mgongoni, akaenda mpaka kwenye banda.

"Baba, mfungulie sasa. Amefungwa vya kutosha."

Nikatoa kamba kwenye mlango. Mbwa akatoka taratibu, akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma. Alinenepa, manyoya yanang'aa, sharubu zimeota upya. Akamnusa mkamwana miguu. Akaninusa mimi viganja, pande zote mbili. Akaenda kwenye tenki, akainua mguu, akakojoa kwa muda mrefu sana, na sisi tukasimama tunamtazama tu.

Nikambonyezea ulimi. Akageuka akanitazama, mkia ukatikisika mara moja. Halafu akapita katikati ya mbuzi, akatoka kwenye uwazi wa ua, akavuka barabara bila kukimbia, akashuka bondeni upande wa Longido, akawa mdogo, akawa vumbi. Hakurudi tena.